Siku Ambazo Wekoye Hakupiga Simu

Waithera aliandika saa zote kwenye kalenda ya kanisa iliyoning'inia jikoni, palepale alipozoea kuandika lita za maziwa. Jumapili, saa nne na nusu. Jumatatu, saa tano na robo. Jumanne, saa sita. Hizo ndizo saa alizopigiwa simu na mchumba wake, Wekoye, kutoka Pwani. Tangu alipokosa kupiga siku nne mfululizo wiki iliyotangulia, alipiga kila siku, na kila siku saa ilikuwa tofauti.

"Mwanamume mwenye dhamiri safi ana saa yake," alisema shangazi Bilha, dada ya baba, aliyeuza maharagwe soko la Kitale na ambaye hakuna mteja aliyewahi kumdanganya mara mbili. "Huyu anangoja mtu atoke nyumbani ndio ashike simu."

"Anasema anangoja maji yatoke, shangazi."

"Yatoke yaende wapi?"

 Waithera alizaliwa Kachibora, bara, mbali na bahari, na maji aliyoyajua ni ya mto, ambayo hupanda mvua ikinyesha na kushuka kiangazi kikiingia. Hakuwahi kuona mto ukiondoka asubuhi na kurudi jioni. Wekoye alikuwa amemweleza mara nyingi. Katika kijiji kile karibu na Shimoni, alikoajiriwa kupima samaki wanaoletwa na wavuvi, mtandao ulishika mahali pamoja tu: juu ya mwamba ulio ndani ya bahari. Maji yakitoka, unaufikia kwa miguu.

"Ati bahari inatoka," Bilha alicheka. "Na kijana amesoma chuo kikuu, kazi yake kupima samaki kwa rula. Si hata Lorraine wa jirani anaweza, na yuko darasa la tatu?"

Waithera alizipenda habari hizo za samaki, na za wanawake wanaotafuta pweza miambani. Wekoye alimwambia kwamba mwezi huu wa Februari upepo umelegea, bahari imetulia kama uji uliopoa, maji yana joto hata alfajiri, na nguru wamesogea karibu. Alikuwa amempima mmoja aliyemzidi Lorraine urefu. Aliyasema kwa furaha ya mtu aliyepata kazi anayoiamini. Waithera alimsikiliza akitabasamu, lakini simu ikishakatika, tabasamu liliondoka na swali la shangazi likabaki: yatoke yaende wapi?

Kisha ikaja Alhamisi. Saa saba na nusu, Wekoye akiwa katikati ya neno, sauti ya mwanamke ilicheka kando yake. "Wewe! Maliza, twende!" Simu ikakatika.

Ijumaa hakupiga kabisa.

Jumamosi mchana, mzee Mukhisa, baba mdogo wa Wekoye, alifika kutoka Bokoli akiwa na kofia mkononi. Alikuwa ametumwa kuchukua jibu moja tu: je, wazee waje kuposa Jumamosi ijayo? Baba yake Waithera, mzee Kibe, alimkaribisha chai, akaweka simu ya nyumbani juu ya meza, katikati ya vikombe.

"Mzee mwenzangu, sitakuficha," alisema Kibe. "Nimeambiwa kuna mwanamke kwenye hiyo simu. Nataka kumsikia kijana kwa masikio yangu. Akipiga kabla hujaondoka saa kumi, tutaongea. Asipopiga, msijisumbue kuja."

"Kijana wetu ni mtu wa maana," alisema Mukhisa taratibu. "Lakini hata mimi hiyo bahari siijui."

Saa nane ikapita. Wote, pamoja na Bilha, waliitazama simu kama wanaomtazama mgonjwa. Saa tisa, Waithera aliona akibaki pale atalia mbele ya mgeni, akatoka kwenda zizini.

Akamkuta ng'ombe amesimama na ndama wake wa wiki mbili. Waithera akaegemea nguzo ya zizi. Alikumbuka usiku aliozaliwa ndama yule. Ilikuwa siku mojawapo ya zile nne ambazo Wekoye hakupiga, Ijumaa hadi Jumatatu, naye Waithera alikuwa ameamka alfajiri na mapema, macho yamevimba, akaona nusu ya mwezi imesimama juu kabisa ya zizi.

Akainua uso. Upande wa milima ya Cherangany, mchana kweupe, nusu ya mwezi ilikuwa imetokeza tena, nyeupe kama kipande cha nazi.

Alirudi jikoni mbio, akaing'oa kalenda ukutani. Baada ya zile siku nne, Wekoye alikuwa amepiga Jumanne saa moja asubuhi. Jumatano, saa mbili kasorobo. Kila siku amechelewa kama robo tatu ya saa, bila kuruka, mpaka juzi saa saba na nusu. Halafu kimya, na nusu ya mwezi angani. Hakuna mwanamke anayetoka nyumbani kwa mpango kama huo.

Akaingia sebuleni na kalenda mkononi.

"Baba, leo hatapiga. Wala kesho, wala keshokutwa."

"Nilisema mimi!" Bilha akapiga paja.

"Ngoja, shangazi. Mwezi ukiwa nusu, maji hayatoki vya kutosha. Mwamba haufikiki. Na yule mwanamke ni mmoja wa wale wanaotafuta pweza miambani. Hunisimulia habari zao, huenda nao na kurudi nao. Alikuwa anamwita kwa sababu maji yalikuwa yanarudi." Alimwekea baba kidole kwenye tarehe, moja baada ya nyingine. "Atapiga Jumanne, saa moja asubuhi. Na akipiga leo, baba, basi ni mwongo, na mimi mwenyewe nitamwambia mzee wasije."

Kibe aliisoma kalenda polepole, kama alivyochunguza maziwa ya ng'ombe anayemshuku kuwa mgonjwa. Akatoka nje. Kupitia dirishani walimwona amesimama uani, kichwa nyuma, mkono juu ya macho.

Alirudi akaketi.  Sasa kila mtu aliitazama simu, akiomba isilie.

Saa kumi kasoro dakika tano, ikalia.

 Kibe akaichukua, akasikiliza, uso umekunjamana. Kisha akamnyooshea dada yake.

"Ni mtu wa Cheptais. Anauliza gunia lake la maharagwe."

Bilha aliongea na mteja wake kwa ukali zaidi kuliko ilivyohitajika. Alipokata, saa kumi ilikuwa imepita. Mzee Mukhisa akasimama na kuvaa kofia.

"Waambie waje Jumamosi," alisema Kibe.

"Na huo mwezi uwe mzima," Bilha alinung'unika, akikusanya vikombe. "Tumsikie kwanza Jumanne."

Waithera aliirudisha kalenda ukutani. Kwenye mraba wa siku hiyo, mahali pa saa, akachora mstari mmoja mfupi wa siku isiyo na simu, kisha akaenda kukamua.