Sanduku Lililohamishwa

Hakuna barua mpya. Skrini ilimwambia Nenden maneno hayo kwa herufi zake za kijani, kama ilivyomwambia kila siku tangu mvua zianze kumwagika mjini Bandung. Mwanzoni moyo ulikuwa ukimpasuka. Siku hizi alitazama tu, akaendelea na kazi.

Alikuwa ameomba nafasi ya kusomea uzamivu kwa miaka minne huko Delft, Uholanzi. Walipokaa kimya, alimeza machungu, akamwambia mama yake kuwa hawakumtaka. Mama hakuificha furaha yake ya kubaki na bintiye. Haukupita muda, jamaa za kijana aitwaye Dudi wakaja na masinia ya keki za mchele na vitambaa vya batiki, Nenden akachumbiwa, akatabasamu kwa kuwa kila mtu alikuwa akimtazama. Dudi hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomkaba zaidi: hakuwa na wa kumlaumu.

Ijumaa hiyo Tatang, fundi wa mitambo ya maabara, alikuwa akitengeneza printa kando yake, macho yakatua kwenye skrini.

"Dada Nenden, mbona bado unasoma kule kwa zamani?"

"Zamani wapi?"

"Barua nilishazihamisha! Diski ya pamoja ilijaa pomoni. Sasa sanduku la kila mtu liko kwenye folda yake mwenyewe. Si nilibandika tangazo mlangoni?"

"Nani anasoma matangazo yako, Kaka Tatang?"

Tatang alicheka, akafungua faili la mipangilio ya programu ya barua ya Nenden. "Hili umelinakili kutoka kwa nani?"

"Kwa dada Iis, aliyenitangulia hapa. Naye kwa aliyemtangulia. Si ndivyo tunavyofanya wote hapa?"

"Na hakuna anayelisoma! Ona mstari huu. Unaituma programu kule kule kwa zamani, hata mimi niseme nini. Wenzako walikuja kunipigia kelele, nikawarekebishia. Wewe tu hukuja."

"Nilidhani ule ukimya ndio jibu lao."

Tatang hakuelewa. Alifuta njia ya zamani, akaandika mpya, akaifungua programu upya. Barua zikajipanga hadi chini ya skrini. Tatu zilitoka Delft. Ya kwanza ilimpongeza. Ya pili iliuliza kama ameipata ya kwanza. Ya tatu, ya juzi, ilisema wangemsubiri hadi jioni ya Ijumaa hiyo hiyo, kisha nafasi yake apewe mwingine.

Nenden alishika ukingo wa meza. Hasira zilimpanda, asijue azimwage wapi. Nje, pikipiki ikapiga honi: Dudi alikuja kumchukua kwenda kupimwa nguo za harusi.

"Bwana harusi huyo," Tatang alisema. "Atalowa bure."

"Mwambie nitachelewa kidogo." Vidole vyake vilikwisha kuanza kuandika jibu kwa Delft.

"Kidogo kiasi gani?"

Honi ikalia tena, taratibu, kama ya mtu asiyetaka kuudhi. Machozi yalimlengalenga Nenden.

"Miaka minne," alisema, kisha akamshika Tatang mkono kabla hajatoka. "Hapana, kaa. Hilo nitamwambia mwenyewe, nikishaituma hii."