Shamba Lisilo na Kadi

Alhamisi saa mbili asubuhi, siku ya soko, Roselin Muso alifika kwenye dirisha la ofisi ya mpaka mjini Lemau na kuuliza kama kamera imepona. Alikuwa ameuliza hivyo kila Alhamisi kwa miaka mitatu. Binamu yake Benedik, aliyekuwa ndani akitafuna popoo, alimjibu kwamba kamera bado inaumwa.

Kadi ya kuvukia haitolewi bila picha. Shamba la magimbi la kina Roselin liko upande wa Indonesia, mwendo wa dakika ishirini kutoka langoni. Babu yao alilifyeka kabla serikali mbili hazijaja na kamba zao kutugawa. Mama yake amezikwa huko huko, pembeni mwa migomba.

"Binamu, niandikie tu kwa mkono. Uso wangu si unaujua?"

"Mimi nakujua tangu ukiwa na makamasi. Serikali ndiyo haikujui."

Benedik si mtu mbaya. Ana sheria tu, kama wengine walivyo na pumu.

Jumatatu iliyofuata, shamba likaondoka. Lilikuja kwa barabara kuu, tuta nyuma ya tuta, likishika upande wake wa kushoto ili kupisha malori. Mbele alitangulia marehemu mama yake Roselin, panga mkononi, amevaa lile gauni la maua tulilomzika nalo. Askari wa Indonesia walilifungulia lango, kwa kuwa sheria zao zinahusu vinavyoingia, si vinavyotoka. Lilipofika lango letu, Benedik alitoka na kitabu chake.

"Shikamoo, shangazi. Kadi yako ilikwisha mwaka ule uliofariki."

"Nilikuwa na shughuli," alisema mama.

"Halafu mimea yenye udongo hairuhusiwi kuingia. Ina wadudu."

"Wadudu hawa nawafahamu mmoja mmoja, Benedik. Mwite Roselin aje alime, mimi nimechoka."

Benedik alisikitika, kwa kuwa shangazi huyo ndiye aliyemlea. Kisha akaliweka shamba karantini. Likatandazwa katikati ya malango mawili, kwenye ule ukanda ambao si wetu wala si wao, na mama akaanza kupalilia. Roselin alikuja mbio na jembe. Jembe likakataliwa, lina udongo; naye akakataliwa, hana kadi. Akabaki amesimama nje ya seng'enge, akimwangalia mama yake aliyekufa akiinama na kuinuka kwenye jua.

Haukupita mwezi, wageni wakaanza kuja kulitazama shamba. Halmashauri, ambayo haikuwahi kupata fedha za kutengeneza kamera, ilipata za kununua benchi mbili na kibao kilichoandikwa KARIBU LEMAU, MJI MDOGO UNAOPENDEZA. Bwana mmoja kutoka Brisbane, mwandishi wa mambo ya safari, alikaa nasi siku mbili nzima, muda uliomtosha kutuelewa kabisa. Aliandika kwamba tunatabasamu, kwamba bahari yetu ni safi, na kwamba kwetu mpaka hauwatenganishi watu. Alimpiga Roselin picha akiwa ameshika seng'enge. Picha ilitoka vizuri sana. Kila unywele ulionekana, na macho, na kovu la kidevuni.

Roselin akaipeleka dirishani.

"Picha hii hapa. Haya, nipe kadi."

Benedik aliitazama kwa muda mrefu, akaisifu. "Ila lazima itoke kwenye kamera ya ofisi. Na nyuma yako pawe peupe. Hapa nyuma kuna magimbi."

"Magimbi yangu!"

"Ndiyo nasema. Si peupe."

Halmashauri iliikuza picha hiyo na kuitundika ofisini, juu ya meza inapolala kamera mbovu. Mkuu wa mpaka alisema imeleta uhai.

Magimbi yakakomaa. Alhamisi moja, mchana, mama aliwasha moto kati ya malango, akachoma gimbi kubwa kuliko yote. Wafu hawali, alilimenya tu, akalipuliza kama alivyomfanyia Roselin alipokuwa hana meno, akaliweka juu ya jani la mgomba upande wake wa waya. Kati ya jani na goti la mwanawe hapakufika shubiri moja. Tundu za waya zilikuwa pana, mkono ungepita. Benedik alikuwa amesimama palepale na kitabu chake, akitazama chini. Wageni wanne walikuwa kwenye benchi.

"Kula, mwanangu, lisije likapoa."

Roselin alimtazama Benedik. Benedik akatikisa kichwa kukataa.

"Nimeshiba, mama," alisema Roselin, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana.