Bomba Lililoachwa Wazi Raiwaqa

Kitendawili. Nikimngoja haji, nikimpa kisogo huyo ndani. Umeshindwa? Ni maji ya bomba ya Raiwaqa, mtaa wetu hapa Suva, mji mkuu wa visiwa vyetu.

Yalikuwa yamekatika tangu Alhamisi. Na maji yakikatika, kila mtu hapa hufanya jambo lile lile: unafungua bomba, unatega ndoo, unaliacha wazi, ili yakirudi uyasikie yakikohoa, uwahi kujaza vyombo. Mama yangu alifanya hivyo, nami nafanya hivyo. Ubaya wa mtindo huu ni mmoja tu, unataka mtu awepo nyumbani.

Jumapili nikaenda kanisani na mjukuu wangu Mereoni, ninayeishi naye. Tulikuwa na mhubiri mgeni kutoka visiwa vya Lau, mtu wa kifua kweli kweli. Akatuuliza tuna haja gani, tukasema maji. Basi akaomba mpaka jasho likapenya koti. "Fungua, Bwana! Fungua mpaka yafurike!" Mimi nilikaa benchi la pili, na sidhani yupo aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kunishinda.

Mungu akafungua. Hata sadaka ilikuwa haijapita.

Mimi nimepanga juu. Chini anakaa mwenye nyumba mwenyewe, Bwana Jagdish, karani mstaafu wa mahakama, na mkewe Shakuntla. Tuliporudi tulikuta godoro lao limeegemezwa ukutani uani, linachuruzika. Dari ya chumba chao ilikuwa imelala kitandani, bapa, kama chapati kwenye kikaango. Sebuleni maji yalimwagikia kochi ambalo Jagdish hajalivua nailoni tangu alinunue, miaka minne sasa, yakateleza yakaenda zake.

"Umeona?" akamwambia mkewe. "Na ulikuwa ukinicheka."

Kisha akanigeukia.

"Bibi, kifungu cha tisa."

"Kimefanya nini?"

"Kinasema mpangaji atawajibika kwa maji yote yatokayo kwake. Uliweka saini. Na cha kumi na mbili kinasema naweza kukutoa. Mwisho wa mwezi, Bibi, uhame."

Nimekaa pale miaka kumi na moja. Nikitoka, pa kwenda ni mahali pamoja tu, Nadi kwa mke wa mwanangu, mwanamke anayekunyang'anya sahani akaoshe na wewe bado unatafuna.

Nikapanda juu nikimwambia Mereoni, ngoja nishuke tena nimwombe radhi. Akanishika mkono. Mereoni anafanya kazi ofisi ya bima. Mimi mwenyewe bima sina. Mwaka wa tatu huu anawauzia watu, mimi hajaniuzia, anasema tabia zangu ni za hatari.

"Bibi, usithubutu! Ukisema samahani umekubali kosa. Sisi kazini hilo ndilo la kwanza tunalowafundisha watu."

"Sasa kosa si langu?"

"Ni lako. Ndiyo maana usiseme."

Akaniandikia maneno ya kusema, nikayakariri kama zaburi. Kesho yake nikakutana na Jagdish ngazini, nikasimama wima.

"Bwana Jagdish, ninasikitika kwa hali iliyojitokeza."

Akanitazama juu mpaka chini. "Hali? Hali hiyo ina jina, Bibi. Ni lile ulilobatizwa nalo."

Tangu siku ile tukawa watu wa barua. Yeye anapitisha yake chini ya mlango wangu, Mereoni anapitisha yetu chini ya mlango wake. Mimi darasa la sita tu, lakini kusoma najua, na nilisoma kwamba "maji yalijitokeza katika eneo la jikoni." Nikamuuliza Mereoni, maji yalijitokeza yenyewe, kama malaika? Akasema ndivyo wanavyoandika. Kila barua ilipokwenda, iliyorudi ilikuwa na vifungu vingi zaidi. Shakuntla, aliyezoea kunipokea kikapu nikitoka sokoni, akawa anaingia ndani akisikia viatu vyangu.

Hilo ndilo lililonishinda. Ijumaa Mereoni akiwa bafuni, nikatoa mzizi wa kava, ule unaotwangwa ukawa kinywaji, niliouweka chini ya kitanda, nikashuka.

Kwetu mwenye kosa huenda na kava. Unaiweka mbele ya uliyemkosea, unakaa chini, unasema kosa lako. Akiigusa yamekwisha, na akiyafufua tena aibu ni yake. Kwa desturi angesema mwanamume, lakini kaka yangu yuko Kadavu, na boti ya Kadavu huja ikipenda.

Nikakaa sakafuni kwao, mkeka ungali na unyevu. Nikauweka mzizi.

"Bomba nililifungua mimi," nikasema. "Nikaliacha wazi, nikaenda kanisani. Sikulikumbuka hata mara moja. Na mhubiri aliposema yafurike, nikasema amina."

"Bibi!" Sauti ikatoka juu. Dari haipo, mbao za sakafu yangu ni nyembamba, na Mereoni alikuwa ametoka bafuni, amelaza sikio sakafuni. "Bibi, umekubali kosa!"

Jagdish akainua uso. "Wewe huko juu, nyamaza! Wakubwa wanazungumza."

Kisha akautazama mzizi. Ni Mhindi, lakini hata babu yake alizaliwa nchi hii, hakuna la kumweleza kuhusu desturi hiyo. Akaingiza mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

"Nikiigusa hii," akasema, "dari nani atailipa?"

"Dari nitailipa mimi, kidogo kidogo. Hii nimeileta kwa ajili ya hasira."

Hakuichomoa mikono. Nikaona Nadi inanijia na sahani zake.

"Baba Ritesh," Shakuntla akamwambia mumewe, "maji ya jikoni kwetu je?"

"Ya jikoni kwetu yamefanya nini?"

"Jumapili ile ile tulikuwa kwa dada yako. Tuliporudi bomba letu lilikuwa likimwaga. Uliliacha wazi wewe. Maji yamepita mlangoni yameng'oa bilingani zangu zote."

"Hayo yalikwenda bustanini!"

"Kwa sababu chini yetu hakai mtu."

Kitendawili: wawili wamekosa kosa moja saa moja, yupi mwenye hatia? Jibu: aliye ghorofani. Nililifikiri, sikulisema. Mtu akiwa ameikalia mikono yake, usimchokoze.

Mwisho Jagdish akachomoa mkono mmoja, akaugusa mzizi kwa ncha ya kidole kana kwamba unaunguza, kisha akautoa na wa pili, akapiga kofi la desturi la kupokea, viganja kwa viganja, zito, mara moja. Shakuntla akanyanyuka kwenda kutafuta bakuli la kukorogea kava.

Lakini karani hastaafu. Akavuta karatasi, akaandika kwa mwandiko wa mahakamani: *Nimepokea radhi moja. Notisi imefutwa. Mpangaji anabaki.* Akanisogezea kalamu.

"Bibi, usisaini chochote!" ikasema sakafu yangu.

Nikasaini.

Mpaka leo Mereoni anasema kisheria nilifanya kosa la kutisha, na ofisini kwao hunitaja kama mfano. Anayasema hayo akinywa chai jikoni kwangu, juu ya dari mpya ya Jagdish.