Akaunti ya Kioski

Natengeneza simu hatua chache kutoka Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kuingia Goma, na sipendi mteja anayesimama nyuma yangu nikifanya kazi. Mukagasana alisimama, nami sikumfukuza. Huuza parachichi Goma kila siku. Siku ile hakuvuka.

Alileta kadi ya kumbukumbu ya simu ya mumewe, Aloys, aliyefariki mwaka jana Mukagasana akiwa mjamzito. Simu yenyewe iliingia maji, kadi ikapona. Ndani yake mlikuwa na sauti alizojirekodi Aloys akizungumza na mtoto tumboni. Mtoto huyo, Keza, sasa ana miezi saba na hajawahi kumsikia baba yake. Jumapili iliyokuwa ikija ilikuwa misa ya mwaka mmoja, na mama yake alitaka amsikie siku hiyo.

Programu aliyorekodia nilimwekea Aloys mimi mwenyewe. Sauti zake hazifunguliwi na programu nyingine, na walioitengeneza wameshaiondoa kwenye duka la programu la mtandaoni. Sikutishika. Duka hilo bado humpa yule aliyewahi kuichukua, na mimi nina kompyuta, nina amri zangu za kuandika kwenye skrini nyeusi, zinazovuta kifurushi kizima bila kugusa simu. Nilimwambia akae, dakika tano tu. Kujigamba ndiyo ugonjwa wangu.

Nikaandika. Jibu likaja: akaunti hii haijawahi kuchukua programu hiyo. Nikaandika tena, polepole, kama mtu anayesema na kiziwi. Jibu lilelile.

Hapo nikaikumbuka akaunti ya zamani. Wateja wangu wengi hawana akaunti, basi nilikuwa nawaweka wote kwenye moja, ya kioski. Mafundi wengi hapa mpakani hufanya hivyo. Mwezi wa pili picha za watu zikaanza kuchanganyika, matusi yakanijia mimi, na kwa hasira nikaifuta, nikafungua nyingine. Amri zangu hazivunji kufuli la duka. Huomba tu kwa jina la akaunti, na akaunti iliyokuwa na haki niliifuta kwa mkono wangu.

Ningeweza kusingizia kadi. Nilitamani, Mungu anisamehe. Nikamweleza yote, na aibu niliyoona sijawahi kuiona tangu nirudi kutoka Tanzania nilikokulia.

Hakulia. Aliuliza kama sauti bado zimo. Nikasema zimo, ila sina njia ya kuzifungua. Akaifunga kadi kwenye pindo la kitenge, kisha akauliza ni wangapi wengine niliowaweka kwenye akaunti ile. Nikasema labda sitini, na simu ya yeyote kati yao ikiharibika atakwama vilevile.

"Beko bazima?" Aliuliza kama bado wako hai.

"Wengi, ndiyo."

"Bon. Ubapigie leo, batoe vitu vyabo. Mutu mwingine asikuye hapa kama vile mi nimekuya."

Nilifunga kioski mchana ule, nikaanza kupiga. Wa kwanza alicheka, akaniuliza haraka yote hiyo ni ya nini. Nikamwambia alete simu yake leo, kisha nikampigia wa pili.