Gurudumu Lisilo la Umri Wake

Kila asubuhi, kabla wanafunzi wangu hawajafika, nilizitia mashine mafuta. Zilikuwa saba. Tone moja katika kila tundu, kisha nazungusha gurudumu taratibu mpaka chuma kiache kulalamika. Siku hiyo nilikuwa kwenye ya nne, Gritzner kuukuu ya Wajerumani wa Durlach, mlango wa fwaye, jumba letu la mafunzo ya wanawake, ulipofunguliwa bila hodi.

Mwanamume aliyeingia alibeba mzigo begani, umefungwa kitenge cha kijani. Nilikitambua kitenge kabla sijautazama uso wake. Mama Germaine, mmoja wa wanawake niliowafundisha kushona hapo fwaye, hufunikia mashine yake kitenge hicho. Na aliyeubeba mzigo alikuwa Anaclet, shemeji yake.

“Jambo, mademoiselle Delphine. Usiogope, miye siko polisi.” Akacheka peke yake.

Aliuweka mzigo juu ya meza yangu, juu ya vitambaa vya wanafunzi. Kiunoni alivaa mkanda wa ndugu yake Godefroid, fundi wa reli tuliyemzika mwezi wa tano. Mkanda ulikuwa mrefu kwake. Ncha yake ilining’inia na kugonga ukingo wa meza kila aliposogea. Katika ukoo wao, anayepokea mkanda wa marehemu hupokea pia vitu vyake na watu wake.

“Banasema weye unajua kusoma umri ya mashini,” alisema. “Kama vile bantu banaangalia meno ya mbuzi.”

“Ninajua kidogo, baba.”

“Kidogo inatosha. Mujane anasema hii ilitoka kwa mama yake, kule Kipushi, kabla ya ndoa. Ndoa ilikuwa mwaka ya 1938. Miye ninasema iko ya ndugu yangu. Bazee balisema tukuulize weye. Dimanche, siku ya Mungu, misa ikiisha, utakuja kwa Baba Alexis, utasema mwaka. Mwaka tu. Hatukuombe kingine.”

Akainama, akaugusa mkono wangu kwa kidole kimoja, mahali palipokuwa na tone la mafuta, akalifuta.

“Utachafuka,” alisema, kisha akaondoka. Mlango aliuacha wazi. Moshi wa kiwanda uliingia na harufu yake kali ya kiberiti, na nilisimama pale bila kuufunga.

Nilijua kilichokuwa nyuma ya mwaka huo. Mguu wa kushoto wa Mama Germaine ulikuwa umekauka tangu ugonjwa uliomlaza hospitali. Hawezi kulima, hawezi kusimama sokoni. Akiwa na mashine, atapanga chumba chake na kujilisha mwenyewe, na anaweza kukataa kurithiwa. Bila mashine, atamfuata Anaclet nyumbani kwake, kijiji cha Kasungami. Na sote tulijua habari za Kasungami. Angélique, mjane wa kaka yao mkubwa, alirithiwa na Anaclet miaka miwili nyuma. Zamani ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Tangu aende huko, nilimwona mara moja tu, amebeba makaa kichwani. Nilimsalimu, naye akatazama kwanza nyuma yake kabla ya kunijibu.

Nilifungua kitenge. Ilikuwa Singer nyeusi, juu ya kitako cha mbao, yenye mkono wa kuzungusha. Sista Brigitte alinifundisha kuzisoma nilipokuwa shule ya walimu. Yeye alizipenda kama watu wengine wanavyopenda kuku. Kwanza usiamini maua ya dhahabu, alisema, maua hudanganya. Tafuta namba iliyopigwa kwenye chuma, upande wa kulia wa sahani ya chini. Namba isiyo na herufi, mashine ilizaliwa kabla ya mwaka elfu moja mia tisa. Herufi Y, ni ya kiwanda cha Clydebank, huko Scotland, miaka ya ishirini na kidogo ya thelathini. Baadaye herufi zinakuwa mbili: EA, EB, na kuendelea. Orodha yote niliinakili kwa mkono wangu katika daftari, na mjini kwetu sikumjua mtu mwingine aliyekuwa nayo.

Nilipangusa vumbi kwa ncha ya kitambaa. Niliomba iwe Y.

Ilikuwa EF. Mwaka 1948, au 1949: miaka kumi baada ya ndoa.

Adhuhuri Mama Germaine alikuja, akijivuta juu ya fimbo yake. Aliketi karibu na mashine, akakikunja kitenge chake vizuri, pembe kwa pembe.

“Umeisha kuona,” alisema.

“Nimeona, mama. Haikutoka Kipushi.”

“Hapana. Godefroid alinileteyaka siku nilitoka hôpital. Alisema, Germaine, hii iko yako, mikono yako ingali mizima. Tulikuwa babili tu ndani ya nyumba. Nani atakuwa témoin, shahidi yangu? Ukuta?”

“Kwa nini hukusema hivyo?”

“Mutoto, weye umesoma, lakini ungali mutoto. Muke akisema ‘bwana alinipa’, banamuitikia, ‘kwa hiyo iko ya bwana’.” Akacheka kidogo. “Ile daftari yako. Kuko mwingine anaweza kuisoma?”

“Hapana.”

Tulitazamana. Sijawahi kusema uongo mbele ya wazee. Hata ukweli hunitoa jasho. Lakini nilichukua kalamu, na kwenye karatasi nikaandika Y, na kando yake 1934. Wino ulikauka mbele yetu sote wawili.

“Na Anaclet?” niliuliza. “Umemjibu nini?”

“Kila siku anauliza. Kila siku ninamuambia, tumalize kwanza maneno ya mashini.”

Alipokwenda, nilianza kuifunga mashine. Mkono wangu ukapita juu ya gurudumu, nikasimama. Rangi yake ilikuwa imechujuka, ya mashine iliyofanya kazi miaka mingi, wakati kichwa chote cha mashine bado kiling’aa. Halikuwa gurudumu la umri wake. Lilikuwa lile lenye matundu makubwa, ambalo kidole cha chuma cha mkono wa kuzungusha hushika katikati yake. Nikakigeuza kichwa kwenye bawaba zake. Kitako kilikuwa cha mbao nzito za behewa, na upande mmoja bado ulikuwa na tundu la skrubu kubwa. Mashine hii ilitoka kiwandani ikiwa ya kukanyagwa kwa miguu. Mtu aliitoa kwenye meza yake nzuri, akatafuta gurudumu la mashine iliyokufa, akachonga kitako, akaifanya iwe ya mkono.

Niliichana ile karatasi ya Y vipande vidogo.

Siku ya Jumapili tulikaa uani kwa Baba Alexis, mkubwa wa ukoo. Wazee watatu walikaa kwenye viti, mashine juu ya meza mbele yao. Mama Germaine alikaa kwenye mkeka, mguu umenyooka mbele yake. Angélique alipita na maji ya kunawa. Alimwagia kila mtu bila kuinua macho, na alipofika kwa Anaclet alipiga goti na kubaki hapo hadi alipoambiwa inuka.

“Mademoiselle,” alisema Baba Alexis, “sema. Na sauti itoke, miye masikio iko ya zamani.”

“Yako ilizaliwa kabla ya mashini zote,” alisema mzee mwingine, nao wakacheka. Anaclet alicheka kupita wote.

Nilisimama.

“Herufi ni E na F. Ni ya mwaka 1948, au 1949.”

“Voilà,” alisema Anaclet polepole.

Mama Germaine hakunitazama. Nilimwona akifumba macho, na nilitaka kuketi, lakini nilijua nikiketi sitasimama tena.

“Sijamaliza, Baba. Mashine hii ilikuwa ya miguu. Mtu aliibadilisha. Gurudumu ni la mashine nyingine, la zamani zaidi. Kitako ni cha mbao za behewa.” Niliigeuza waone. Kichwa cha mashine kikagonga meza. “Mashine ya miguu, yenye meza, ndiyo watu wanayoweka sebuleni wageni waione. Baba Godefroid aliivunja heshima hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Nani ndani ya nyumba ile asiyeweza kukanyaga?”

Mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi ya useremala katika reli, aliinuka, akapitisha kidole gumba kwenye kona ya kitako.

“Hii ni mukono ya Godefroid,” alisema. “Kona zake alikuwa anazikata hivi.”

Baba Alexis alishauriana na wenzake kwa sauti ya chini. Haikuchukua muda.

“Bon. Bwana aliitengeneza sababu ya mguu ya muke yake. Mashini iko ya mujane. Imeisha.”

Wazee walipiga makofi mara mbili, kama ilivyo desturi. Nilimtazama Mama Germaine nikitegemea furaha. Alikuwa akimtazama Anaclet. Nami nikamtazama.

Anaclet alikuwa akitabasamu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliichukua ncha ya ule mkanda mrefu na kuipitisha vizuri chini ya kitanzi chake.

“Miye sikatae,” alisema. “Bazee bamesema vizuri. Iko yake.” Alikiokota kitenge cha kijani, akaanza kuifunika mashine mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. “Alikuwa ananiambia, tumalize kwanza maneno ya mashini. Basi imemalizika. Kesho asubuhi nitaleta kigari. Kule Kasungami kuko kivuli, atashona mupaka atachoka.”

“C’est bien,” alisema Baba Alexis, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi kwamba watu wamepatana. “Ndugu wanasikilizana.”

Siku tatu nilipigania chuma kile. Yeye aliniacha nipigane, kwa sababu alichotaka ni mjane, na hapo sikuwa nikimzuia.

Nyuma yake Angélique alikuwa amesimama na birika. Maji yalianza kumwagika miguuni pake, na hakuona.

Mama Germaine aliishika fimbo yake. Ilimchukua muda kuinuka, na Anaclet alimnyooshea mkono. Hakuushika. Alisimama mwenyewe, akapumua, akasubiri mpaka wazee waliokwisha kuanza kuongea mambo mengine wakanyamaza.

“Baba Alexis,” alisema. “Bazee. Nilibadanganya juu ya Kipushi, munisamehe. Na nilijidanganya miye mwenyewe. Nilikuwa ninajificha nyuma ya mashini.” Kisha akamgeukia yule mwanamume, na kwa mara ya kwanza hakumwita shemeji. “Anaclet, sikutaki. Siendi Kasungami, na mashini ao bila mashini. Sikutaki.”