Neno la Mferejini

Ni saa nane mchana, jua la dirishani limeniangukia mkononi, na usingizi unanichukua nikiwa nimeinamia ripoti ya Kiingereza ninayoitafsiri, ripoti ya mapigano ya kwetu, ya mfereji wa maji unaogombewa na watu wa Juu na watu wa Chini, na kalamu yangu imekwama kwenye neno moja, resurgence. Kamusi inasema ni kurudi kwa nguvu kwa kitu kilichokuwa kimetulia, na kwamba watu hulitumia kwa magonjwa, kwa dini, kwa mitindo ya nguo, kwa vita. Ninalisoma tena na tena, herufi zinaachana kama mabawa ya mlango, nami ninaingia.

Niko barabarani, barabara isiyo na mwisho, mfereji unapita kando yake, na ng'ambo ya maji uko mji uleule wa upande huu, umegeuzwa kama kwenye kioo, mlango unatazamana na mlango, moshi unatazamana na moshi. Mtu anatembea nami. Penye uso wake pana ngozi tupu, laini. Ninamuuliza huku ni wapi. Ni kwenu, anasema, litafsiri neno lako upite. Ninasema, kufufuka, kwa sababu ninamwaza mdogo wangu Elineema, aliyekatwa panga akafa mferejini miaka miwili iliyopita, nikamwosha damu mwenyewe. Sijafunga kinywa, ardhi inapasuka na Elineema anatoka, shingo yake ingali wazi, damu inatiririka upya. Dada Tumsifu, anasema, mbona umekonda hivyo? Ninamkumbatia, ninalia, ninacheka, gauni langu linalowa damu yake nami sijali. Lakini ng'ambo nako wanatoka watu, na wa mbele ni kijana mpana ameshikilia tumbo lililopasuliwa. Elineema ananisukuma pembeni. Huyu ni nani? Ni Mzirai, dada, ndiye aliyenikata. Na hilo tumbo lake, nani kalifanya vile? Anatazama maji. Ni mimi, anasema. Mimi ndiye niliyeanza.

Wanarukiana katikati ya mfereji, mapanga yanagongana, sikio linaruka, meno yanavunjika, maji yanakuwa mekundu mpaka mashambani, na kila anayeanguka anainuka tena na kukatwa palepale alipokatwa. Yule asiye na uso ananiuliza, ni kitu gani hurudi bila miguu? Vita, ninapiga kelele, ni vita! Havina miguu, anasema, basi nani kavibeba mpaka hapa? Elineema anaanguka kifudifudi, Mzirai anamsimamia, na panga liko miguuni pangu. Ninaliokota. Ninalishusha kwenye kifundo cha mkono wa Mzirai na ninausikia mfupa ukikatika, ninaisikia damu yake ya moto mdomoni mwangu, na Mungu anisamehe, ninaona raha. Mzirai ananitazama kwa mshangao tu. Mimi na yeye tulikuwa tumeshamalizana, anasema, sasa umeanza wewe. Mlango wa ng'ambo unafunguka, anatoka mwanamke wa rika langu, dada yake, anaona mkono wa ndugu yake ukielea majini, anaokota panga. Anaruka mfereji. Ninamgeukia asiye na uso na kumwambia, havikufufuka, tumevianza tena, sisi, andika hivyo, tumevianza sisi! Panga la yule mwanamke linanishukia begani.

Bega linatikiswa. Ni Nakijwa, tunayefanya naye kazi ofisi moja. Tumsifu, amka bwana, mdogo wako yuko getini. Mdogo wangu yupi? Kwani unao wangapi? Elineema. Ana haraka, anasema wenzake wanamsubiri mferejini, hataki hata kuingia. Ninamtazama Nakijwa usoni, ninatazama jua mezani, kila kitu kiko kama kawaida, na sijui kama ndio nimeamka au ndio kwanza nimelala. Ninavua viatu, ninateremka ngazi mbili mbili nikimwita kwa jina, niuwahi mkono wake wa kulia, wa kushikia panga, kabla hajaupeleka popote.