Kati ya Mong'are na Ng'ang'a

Patrobas Nabiswa aliweka kidole mahali ambapo jina lake halikuwepo. Aliligeuza gazeti juu ya meza ili Phelister naye aone vyema, akakiteremsha kidole polepole katika orodha, jina hadi jina, kisha akakirudisha palepale, kwenye uwazi mwembamba baina ya mtu aliyeitwa Mong na mwingine aliyeitwa Ang.

"Hapa, dada," alisema. "Hapa ndipo ningekaa."

Phelister Otiende hakuwa amezoea wageni. Ofisi ya gazeti la Jirani ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mtaani Umoja, na wengi waliopanda ngazi zile walikuwa wamepotea njia wakimtafuta fundi wa cherehani wa mlango wa pili. Wasomaji aliwajua kwa kuponi zao tu: kipande cha karatasi kilichokatwa kwa mkasi au kwa meno, chenye jina, umri, sanduku la posta, na mstari mmoja wa mambo ayapendayo mtu. Ukurasa wa marafiki wa kalamu ndio uliolibeba gazeti zima. Watu walilifungua kutoka nyuma.

"Huenda kuponi yako ilipotelea posta," alisema.

"Niliileta mwenyewe. Niliisukuma chini ya mlango huu huu."

Alikuwa mwanamume wa makamo, mpana wa mabega, aliyesema kwa sauti ya juu kidogo kama wasemavyo watu wanaoshinda karibu na mashine. Mkono mmoja wa shati lake ulikuwa na mikunjo miwili ya pasi, sambamba, wa kwanza ukiwa umekosewa na wa pili umejaribu kuusahihisha. Phelister aliitazama ile mikunjo, akaiwasha kompyuta.

Alikuwamo. Nabiswa, Patrobas, miaka arobaini na saba, Kariobangi Kusini. Apenda: kilimo cha vitunguu, nyimbo za kanisa, barua ndefu.

"Upo," Phelister alimwambia. "Upo kabisa."

"Kwenye mashine nipo?"

"Ndiyo."

"Basi kati ya mashine na karatasi nimeenda wapi?"

Phelister akammiminia chai kutoka chupa aliyojibebea kutoka nyumbani. Nabiswa aliketi kwenye ukingo wa kiti. Alieleza kwamba anafanya kazi katika kiwanda cha misumari, kwamba mkewe alimtangulia kaburini, kwamba watoto wako Kimilili kwa nyanya yao. Kiwandani hawaongei kwa sababu hawasikiani. Nyumbani hakuna wa kumuuliza kama amekula. Aliyasema hayo bila kunung'unika, kama mtu anayetaja mvua ilinyesha wapi. Kisha akaingia kwenye vitunguu, jinsi miche inavyohamishwa, na jinsi mtu mwenye pupa huipanda chini mno ikaoza. Phelister alimuuliza hili na lile hadi chai ilipokwisha, naye akashukuru, akaondoka. Phelister alibaki ameshika kikombe kitupu, akishangaa jinsi koo lake lilivyochoka. Alikuwa ameongea kwa muda huo mfupi zaidi ya alivyoongea wiki nzima.

Ilikuwa hivyo tangu Lorraine, dada yake, aolewe Mombasa. Hadi mwaka uliotangulia walikuwa wawili katika chumba cha kuongezea, kilichojengwa nyuma ya nyumba ya watu, na ukuta wake ulishikana na jiko la mwenye nyumba. Sasa Phelister aliwasikia wenye nyumba wakicheka juu ya ugali, akawajua watoto kwa kikohozi chao. Yeye alipika kidogo, akala akiwa amesimama. Siku za kazi aliingiza upweke wa watu wengine kwenye kompyuta, mstari baada ya mstari, bila kufikiri hata mara moja kwamba wa kwake nao ungeweza kutoshea humo.

Toleo la Agosti lilipotoka, Nabiswa hakuwemo tena. Phelister aliliona hilo kabla yake, na akapeleka mandazi ofisini.

Alikuja Jumamosi akitoka zamu. Safari hii hakuonyesha kwa kidole. Aliliweka gazeti mezani limekunjwa, akasema, "Ni yaleyale, dada," akaketi kitini vizuri zaidi. Walikula mandazi. Alimuuliza kwao ni wapi, na Phelister akajikuta anasimulia habari za Rangwe, za mama yake aliyekuwa na tabia ya kuwaita kuku kwa majina ya majirani. Nabiswa alicheka hadi fundi wa cherehani akagonga ukuta.

"Huyu Mong," alisema alipokuwa akiinuka, "ni kabila gani? Sijawahi kusikia jina kama hilo."

Hata Phelister hakuwahi kulisikia.

Jumatatu aliitafuta kuponi ya huyo Mong, na ikaonekana kwamba hapakuwa na Mong. Palikuwa na Mong'are, wa Nyamira. Ang naye alikuwa Ng'ang'a, wa Limuru, aliyekatwa mbele na nyuma akabaki kiwiliwili. Hapo ndipo alipoanza kuelewa. Programu aliyoitumia ilihifadhi majina katika jedwali safi, lakini ilipolitoa kama maandishi matupu ili Wakiuru, mwenye gazeti, apange kurasa kwenye mashine yake, ilikifungia kila kipengele kati ya ritifaa mbili, alama kama mkato ulioinuliwa juu, moja mlango wa mbele na moja mlango wa nyuma, ili visichanganyike. Majina kama Mong'are yalikuwa na ritifaa yake ndani, alama ile ndogo inayoiambia ng' itamkwe puani. Mashine ya Wakiuru ilipoikuta, ilidhani ni ule mlango wa nyuma. Ilifunga jina kabla halijaisha, na yote yaliyofuata ikayachukua kuwa fungu moja refu, ikameza watu na masanduku yao ya posta, hadi ilipokutana na ritifaa nyingine iliyokaa vibaya kwa Ng'ang'a. Lile fungu refu halikutoshea kwenye safu, basi likakatwa. Kati ya Mong'are na Ng'ang'a walikuwa wamemezwa watu wanne. Chini zaidi, kati ya Ong'ayo na Wang'ombe, walimezwa wengi zaidi.

Wakiuru alimsikiliza huku akitafuta miwani yake.

"Si uzitoe tu hizo ritifaa? Zote. Nani atajua?"

"Ng'ang'a atajua."

"Phelister, huu ni ukurasa wa salamu, si cheti cha kuzaliwa."

"Mtu akiandikiwa barua kwa jina ambalo si lake, atasema si yake. Watu hawa hawana zoea la kupata barua."

Wakiuru aliipata miwani, akasema afanye atakavyo mradi toleo lisichelewe.

Dawa aliipata kwenye kitabu cha maelezo ya programu, katika kurasa ambazo hazikuwa zimewahi kufunguliwa. Mbele ya kila ritifaa iliyo ndani ya jina aliweka mshazari uliolala kinyume, Mong\'are, na mshazari huo uliiambia mashine ya pili: hii isikushtue, si mlango, ni herufi ya mwenye jina. Jaribio la kwanza liliharibika, mishazari ikabaki kwenye karatasi, imesimama katikati ya majina ya watu kama vijiti, kwa sababu alikuwa ameiweka mara mbili. Aliifuta yote, akaanza upya kwa mkono, ritifaa moja baada ya nyingine, kuanzia juu.

Alipofika kwa Mong'are, mkono ulisita.

Dirishani, chini, mtu alikuwa akipakia mabati kwenye mkokoteni, na kila bati lilipoangukia jingine Phelister alishtuka. Hakuwa amekusudia lolote, au ndivyo alivyojiambia baadaye. Aliwaza tu kwamba Nabiswa akishapata barua zake hatakuwa na sababu ya kupanda ngazi hizi. Aliwaza kuhusu Jumamosi, kuhusu kiti kile. Toleo moja tu zaidi, alifikiri. Amesubiri tangu mwezi wa tano, mwezi mmoja si kitu. Akamruka Mong'are. Akamruka Ng'ang'a. Akaendelea kwa Nyang'au na kumwekea mshazari wake kwa uangalifu mkubwa, na hata wale wote wa Ong'ayo na Wang'ombe wakatoka salama, wakajipanga kwenye karatasi kila mtu na sanduku lake.

Jumamosi baada ya toleo la Septemba kutoka, alipika maharagwe kwa nazi, akayaleta kwenye bakuli lenye kifuniko. Nabiswa alikuja amechelewa. Hakuketi.

"Leo sikai, dada. Nimekuja kukuomba uniondoe."

"Nikuondoe wapi?"

"Kwenye mashine. Jina langu." Alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi. "Nimeona wengine wamerudi. Rafiki yangu Opicho alikuwa amepotea kama mimi, mwezi huu ametokea, amefurahi kama mtoto. Mimi nikajiuliza, huenda ni Mungu ananiambia kitu. Kuna watu wa kuandikiwa barua, na kuna wengine. Si neno."

"Bwana Nabiswa, subiri—"

"Si kosa lako. Wewe umenipa chai." Alilitazama lile bakuli, akaelewa kwamba lilikuwa lake, na jambo hilo likaonekana kumwongezea huzuni. "Asante kwa yote, mama."

Hakuwahi kumwita mama kabla ya hapo. Lilikuwa neno la heshima, na lilimsogeza mbali, upande wa pili wa meza, walikokaa watu wa ofisi. Aliteremka ngazi. Phelister alilifunika bakuli, akalifunua, akalifunika tena. Maharagwe alimpelekea fundi wa cherehani.

Hakumwondoa. Katika toleo la Oktoba, Mong'are alipata mshazari wake, Ng'ang'a akapata miwili, na ukurasa ulipotoka Phelister aliteremsha kidole katika orodha kama alivyofanya Nabiswa siku ile ya kwanza. Walikuwapo wote wanne, kila mmoja juu ya mstari wake. Alihisi vizuri kwa muda wa kupanda na kushuka ngazi.

Jumamosi zilipita bila mtu. Alijua zingepita. Aliendelea kuleta vikombe viwili, kwa kuwa viliingia vyema kwenye mfuko, alijiambia.

Ilikuwa Novemba, mvua ikitiririka kwenye mfereji wa paa, aliposikia sauti ile ya juu ikimsalimu fundi nje. Nabiswa aliingia akiwa amelowa begani, ameshika mfuko wa plastiki kifuani kama kifaranga. Ndani yake mlikuwa na barua. Alizipanga mezani moja moja, akimtajia kila moja ilikotoka. Kulikuwa na mzee wa Taita aliyebobea katika vitunguu. Kulikuwa na mama wa Voi aliyemwandikia kurasa sita, mbele na nyuma.

"Sita, dada!" Alikuwa amerudi kwenye dada. "Anaandika kama anavyoongea. Nikisoma namsikia. Nilisema lazima nije, kwa sababu ni wewe uliyenitafuta."

Phelister alimmiminia chai. Angeweza kunyamaza. Furaha ile ilikuwa mezani, imekunjuliwa, na sehemu yake alikuwa akipewa bure. Lakini kila Nabiswa alipomshukuru, alihisi kama mtu anayevishwa koti la mwingine.

"Mwezi wa tisa," alisema, "ulipokuja kuniomba nikuondoe. Mashine ilikuwa imeshapona. Nilijua la kufanya. Wengine niliwarudisha ukurasani. Wewe nilikuacha."

"Uliniacha vipi? Ulisahau?"

"La. Nilitaka uje."

Nabiswa alitazama barua zake. Phelister alijiandaa kwa hasira, na akatambua kwamba angeipokea hasira kwa shukrani.

"Mimi nimeshapata," hatimaye Nabiswa alisema, taratibu. Aliinua macho. "Lakini pale uliponiacha, nilikuwa peke yangu?"

"Mlikuwa wanne."

"Na hao watatu walikuwa wamekunywa chai yako?"

Hakusema kwa ukali. Alizikusanya barua, akazirudisha mfukoni kwa mpangilio uleule, akaaga kwa kuinamisha kichwa. Chai aliiacha nusu. Mlangoni alisimama kama aliyekumbuka jambo, kisha akaenda bila kulisema, na Phelister hakujua kama Jumamosi nyingine ingekuwa na hatua zake kwenye ngazi au la.

Alizitoa zile kuponi tatu sandukuni. Muthama wa Machakos, kijana, mpira na kupiga gita. Mwende wa Mwingi, ususi. Ya tatu ilikuwa ya Naliaka, mwalimu mstaafu wa Kitale, miaka sitini na moja, mwandiko ulionyooka kama wa ubaoni. Mahali pa mambo ayapendayo alikuwa ameandika neno moja: kujibiwa.

Phelister alichukua karatasi. *Mwalimu Naliaka*, aliandika, *hunijui, lakini mwezi wa tisa nilikukosea.* Mengine yalikuja kwa shida, kisha yakaja kwa wingi, hadi akageuza ukurasa. Aliandika juu ya ritifaa, na juu ya Nabiswa bila kumtaja jina, na bila kutarajia akaandika juu ya ukuta wa jiko na kikohozi cha watoto wasio wake. Alipomaliza aliurudia mwanzo wa karatasi, kwenye pembe ya kulia, aweke sanduku lake la posta.

Kalamu ilisimama. Alikuwa ameandika masanduku ya nchi nzima, lakini lake hakuwa nalo. Barua zao, yeye na dada yake, siku zote zilipitia kazini kwa Lorraine. La gazeti lilifunguliwa na Wakiuru, na hii haikuwa ya Wakiuru.

Aliteremka dukani. Dirie, mwenye duka, alikuwa akimpimia mtu waya, akamwonyesha kwa kidevu asubiri. Phelister alisubiri kando ya ndoo za rangi, bahasha mkononi.

"Nikuulize," alisema zamu yake ilipofika. "Naweza kutumia sanduku lako la posta? Kwa barua zangu."

"Tumia tu. Zitakuwa nyingi?"

"Sijui kama zitakuja."

Dirie alichukua kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kaunta. "Ili nijue ni zako," alisema. "Jina lako kamili unaliandikaje?"

Alimtajia, herufi moja moja.